Ushauri wa Jumatatu

Marehemu alikuwa fundi saa, na daftari lake lilikuwa nadhifu kama kazi yake. Inspekta alilifungua tena mezani saa mbili asubuhi ya Ijumaa, huku Sajenti akimimina chai kwenye vikombe viwili vilivyopasuka masikio.

Kurasa za mwanzo zilikuwa za hati yake mwenyewe. Miezi mitatu mizima alikuwa amepanga safari ya wiki moja ya kuonja bia za viwanda vidogo, zile zinazopikwa pipa kwa pipa na kunywewa palepale zilipopikwa. Vipeperushi hakuviamini. Katika ukurasa wa nne aliandika: *Ukitaka kujua kisima chenye maji matamu, waulize wanaochota.* Na kweli aliuliza. Tangu alipoingia mjini Alhamisi ya wiki iliyopita, kila mwenyeji aliyempa ushauri alipewa daftari aandike kwa mkono wake.

Wenyeji wanne waliandika. Wa kwanza alikuwa mwanamke wa kaunta katika baa iliyo karibu na nyumba ya wageni: *Anza na nyepesi. Ukianza na nyeusi ulimi utakufa mapema. Na ule kwanza.* Wa pili, kinyozi: *Kile cha kando ya reli nenda saa kumi, ndipo wanapofungua pipa jipya. Usimuulize mwenye kiwanda habari za mkewe.* Wa tatu, dereva wa teksi: *Viwanda viwili kwa siku vinatosha. Usirudi kwa miguu. Nipigie.*

Wa nne hakujulikana.

*Jumatatu saa nne asubuhi. Usigonge mlango wa mbele, zunguka nyuma. Pipa la chini ndilo lenye bia yenyewe. Hizo za juu ni za wapita njia.*

Na Jumatatu hiyo ndiyo siku aliyofariki fundi saa. Jumanne alfajiri mfagia barabara alimkuta kwenye benchi la bustani nyuma ya stendi ya mabasi, ameketi, kofia magotini, kama mtu anayesubiri basi lililochelewa.

"Afande, mbona tunazunguka mbuyu?" Sajenti alisema. "Begi la marehemu tumelikuta kwenye buti la teksi. Dereva anakubali alimbeba Jumatatu. Mkuu anataka afikishwe mahakamani leo saa nane mchana. Kesi imeiva hii."

"Iliyoiva hunukia. Soma tena ripoti ya daktari."

Sajenti aliisoma. Marehemu alikufa kwa kukosa hewa. Hakukabwa, hakuzama, hakuzibwa pua wala mdomo. Damu ilikuwa imetuama usoni na kifuani.

"Mtu aliyekufa ameketi," Inspekta alisema, "damu yake huteremkia wapi?"

"Miguuni."

"Huyu ilikuwa usoni. Alilala kifudifudi saa nyingi, kisha mtu akaja akamketisha, akamwekea na kofia yake. Nilimpigia daktari jana nikamuuliza, mtu hukosaje hewa bila kuguswa? Akanitajia sehemu nne. Kisima kikavu, shimo la choo, ghala la nafaka lililofungwa, au chumba chenye kitu kinachochachuka. Gesi yake ni nzito, inalala chini kama maji. Ukiiingia hujui. Unapiga miayo miwili, umeanguka."

"Dereva anaweza kumpeleka mtu kisimani."

"Anaweza. Orodha ya simu imefika?"

Sajenti alivuta karatasi. Simu ya marehemu ilikuwa mfukoni mwake, imezima. Kampuni ya simu ilikuwa imeleta orodha asubuhi ile. Kati ya saa saba mchana na saa moja jioni ya Jumatatu, dereva alimpigia fundi saa mara kumi na moja.

"Muuaji hampigii maiti mara kumi na moja," Inspekta alisema, akainuka na chai yake bila kuinywa.

*

Dereva aliitwa Taratibu na mji mzima, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona akipita gari lingine. Alikuwa mtu mnene wa miaka hamsini hivi, na siku tatu za mahabusu zilikuwa zimemlegeza mashavu. Alisimama Inspekta alipoingia.

"Kaa. Ulimshusha wapi?"

"Nimesema, mama. Njia panda ya bomba la maji. Saa nne kasorobo."

"Kwa nini pale, si mlangoni?"

"Alitaka kumalizia kwa miguu. Alisema amealikwa nyumbani kwa mtu, na mtu akialikwa hashuki kwenye gari kama mzigo. Alikuwa amenyoa. Shati amepiga pasi."

"Kwa nani?"

"Hakusema. Alisema tu, 'Leo sionji, leo natembelea.' Akaniachia begi, akatoka na kile kimfuko chake cha ngozi. Akasema akimaliza atanipigia."

Inspekta aliandika. "Begi ulikaa nalo hadi tukakukamata Jumanne jioni. Kwa nini hukulileta kituoni?"

"Mteja akiniachia begi ni amana, mama. Ningelileta polisi halafu yeye akatokea, ningemwambia nini? Kwamba nilimdhania mwizi?" Taratibu alifuta uso kwa kiganja. "Nilidhani amelewa akalala huko. Nikawa namkasirikia. Mpaka leo ndicho kinachoniuma, kwamba nilimkasirikia."

Nje ya mlango Inspekta alifungua orodha ya vitu vilivyokutwa na marehemu. Simu, kofia, leso, miwani, daftari. Kimfuko cha ngozi hakikuwamo. Binti wa marehemu alikuwa amekiulizia Jumatano, kwenye simu iliyokuwa ikikatika. Ndani yake mlikuwa na bisibisi, koleo na kioo cha kukuzia alichokibana jichoni tangu ujana wake. *Baba angeweza kutoka bila viatu,* alisema, *si bila mfuko ule.* Alikuwa njiani, angefika kwa basi la saa tisa.

"Ukiupata mfuko," Inspekta alimwambia Sajenti, "umeipata nyumba."

*

Baa ilikuwa haijafunguliwa. Viti vilikuwa juu ya meza, sakafu mbichi, na mwanamke wa kaunta, ambaye wateja walimwita Shangazi hata wale waliomzidi umri, alikuwa akipanga glasi.

"Mtu wangu yule," alisema. "Kila jioni glasi mbili, si zaidi. Ananusa, anaandika, ananusa tena. Nikamwambia, baba, hiyo ni bia, si barua ya mchumba. Akacheka. Lakini alikuwa wa mwisho kuondoka kila siku, na glasi tupu mbele yake. Nilijua si kiu."

Inspekta alimwekea daftari mbele, ukurasa wa nne wa ushauri. "Hii hati unaijua?"

Shangazi aliisogeza kwenye mwanga. Ilikuwa ya penseli, herufi kubwa zilizoshikana mikono kama walivyofundishwa watoto wa shule zamani. Kila mstari ulianza vizuri, ukaenda vizuri, halafu upande wa kulia maneno yakapandana au yakatoka nje ya karatasi.

"Mlevi," Sajenti alisema.

"Mlevi hapotezi njia mahali palepale kila mara," Inspekta alisema. "Huyu haoni upande wa kulia. Na ni mtu mzima, mwandiko huu haufundishwi tena. Shangazi, nieleze habari ya Jumatatu."

"Jumatatu? Mwendawazimu gani humpeleka mtu kuonja bia Jumatatu? Viwanda vyote vinafunga. Ndiyo siku ya kuosha matangi na kufuata kimea cha kupikia bia. Hata mimi namuuzia mtu soda nikimwambia njoo kesho."

"Kwa hiyo aliyeandika hajui bia."

"Asijue?" Shangazi alisoma tena, midomo ikicheza. "'Hizo za juu ni za wapita njia.' Huyo anajua bia kuliko mimi."

"Basi anajua kuwa Jumatatu kumefungwa, na bado anamwita mgeni Jumatatu hiyohiyo. Jumatatu ndiyo aliyoitaka, wala si bia. Kiwanda gani kina pipa la chini? Chini ya ardhi?"

Shangazi aliacha kitambaa. "Kimoja tu. Nyumba ya matofali mekundu, kilimani, ukishapita njia panda ya bomba la maji. Vingine vyote vimejengwa juu juu kama vibanda. Pale aliyeanza ni mzee, siku hizi anaendesha mwanawe. Sisi tunamwita Mpishi. Mtu mwema. Hajawahi kunipimia pungufu."

"Mzee yuko wapi?"

"Aah, mzee." Aliangalia chini kwenye glasi zake. "Sijui. Yupo, nafikiri. Mtu akiacha kushuka ngazi mji humsahau."

*

Mpishi aliwapokea uani, mikono imelowa hadi kwenye viwiko. Alikuwa na miaka arobaini na kitu, mrefu, macho mekundu ya mtu asiyelala. Nyuma yake kulikuwa na mlango wa mbao wa kushukia chini, umefungwa kwa kufuli jipya linalong'aa, na juu ya mlango kibao: *HAKUNA RUHUSA KUINGIA*. Inspekta alikigusa. Rangi iliacha doa jeusi kidoleni.

"Umekiandika lini?"

"Juzi. Wateja wanazurura."

"Feni hii inayonguruma ni ya nini?"

"Ya kutoa gesi chini. Bia ikichachuka hutoa gesi."

"Inafanya kazi siku zote?"

"Siku zote."

Jibu lilitoka haraka mno. Sajenti alipiga picha ya kufuli. Inspekta alimwonyesha Mpishi picha ya marehemu. Hakuichukua, aliitazama ikiwa mkononi mwake.

"Simjui. Jumatatu sikuwepo, nilifuata kimea. Hutoka saa kumi na mbili asubuhi, hurudi mchana. Wafanyakazi hupumzika."

"Nyumbani hubaki nani?"

"Hakuna mtu."

Dirisha la ghorofani lilifunguka kwa kelele. "Nani huyo?" sauti ya mzee iliita. "Una wageni? Mbona wamesimama jua lote hilo?"

Feni ilinguruma.

"Ni baba," Mpishi alisema. "Afande, tafadhali. Haoni vizuri, anachanganya siku. Ukimsumbua atakosa usingizi wiki nzima. Niulize mimi. Chochote."

"Nimekuuliza," Inspekta alisema, "ukaniambia hakuna mtu."

Alimwacha na Sajenti, akapanda ngazi.

Chumba kilikuwa kirefu, na ndani yake kitanda, meza na kiti kimoja. Kiti cha pili kilikuwa kimeletwa kutoka mahali pengine, hakikufanana na chochote, kimewekwa kuelekea kile cha kwanza. Mzee alikuwa amevaa koti. Aligeuza kichwa chote upande wa kulia ili amwone Inspekta kwa jicho la kushoto.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti. Kaa hapo, hicho ni cha wageni. Umetoka kwake?"

"Kwa nani?"

"Fundi saa. Nilijua atatuma mtu. Vifaa vyake si viko hapa?"

Juu ya meza palitandazwa taulo safi. Saa kubwa ya ukutani ilikuwa imelazwa chali, kifuniko wazi, na magurudumu yake yamepangwa kwa safu kutoka dogo hadi kubwa. Kando yake palikuwa na kimfuko cha ngozi, bisibisi nne, koleo, na kioo kidogo cheusi cha kubana jichoni.

Inspekta aliketi. "Hakuna aliyevigusa?"

"Mwanangu alitaka kuviondoa. Nikamwambia, thubutu. Fundi kavipanga kwa utaratibu wake, ukisogeza kimoja tu kazi imeharibika. Ukiingia mkono wa mtu mwingine humo, saa inakuwa chuma chakavu."

"Mlijuana vipi?"

"Kwa sababu ya saa." Mzee alitabasamu, akaegemea mbele. "Jumamosi nimekaa dirishani, yangu imekufa tangu masika. Naona mtu anapita, nikamwita, 'Ndugu yangu, saa ngapi?' Akasimama. Akatoa saa mbili mfukoni, akazitazama zote, ndipo akanijibu. Nikasema huyu si mtu wa kawaida. Tukaongea yeye akiwa barabarani mimi juu, mpaka shingo ikamuuma. Akasema anafanya safari ya kuonja bia, nimshauri. Akanirushia daftari. Alilirusha mara tatu ndipo nikalidaka, na jicho hili!"

"Ukamwambia aje Jumatatu."

"Siku nyingine kuna watu. Wanapanda, wanashuka, shikamoo mzee, wameshapita. Jumatatu kuanzia saa kumi na mbili ni mimi na ukuta." Alisema kama mtu anayetaja bei ya chumvi. "Akaja. Saa nne kamili, kama nilivyomwandikia. Tukakaa saa mbili nzima. Alinieleza habari za marehemu mkewe, mimi nikamweleza wa kwangu. Akafungua saa. Halafu nikamwambia, sasa nenda ukaonje. Miguu yangu haiwezi zile ngazi, huu mwaka wa pili. Nikampa ufunguo. Nikamwambia pipa la pembeni, kushoto. Chukua kikombe kilichoning'inia, kunywa, kisha uniletee na mimi."

"Akarudi?"

Tabasamu la mzee lilipungua. "Mwanangu alirudi kabla yake. Baadaye akapanda kuniambia mgeni kapata simu, kaondoka mbio kwa mlango wa nyuma. Sikumlaumu, watu wana shughuli. Ila hakuniaga. Nimelifikiria hilo siku zote hizi, maana tulikuwa tunaongea vizuri."

Inspekta alitazama kalamu yake. "Mzee, Jumatatu hiyo feni ya chini ulikuwa unaisikia?"

"Hapana, ilinyamaza, nikashukuru. Iko chini ya kitanda changu hasa. Nilimlalamikia sana mwanangu. Enzi zangu hatukuwa na feni, palikuwa na dirisha dogo usawa wa sakafu, gesi inatoka yenyewe inateremka bondeni. Dirisha lipo, hakuna hatari. Pasingekuwa na dirisha, hapo feni sawa."

*

Dirisha lilikuwa limezibwa kwa matofali. Inspekta alilikuta nyuma ya nyumba, usawa wa majani, saruji yake ingali na rangi changa.

Mpishi alikuwa ameketi juu ya kreti tupu. Alipomwona amebeba mfuko wa ngozi ndani ya bahasha ya ushahidi, aliinamisha kichwa.

"Uliliziba lini dirisha?"

"Mwaka jana. Panya walikuwa wanaingia. Ndipo nikaweka feni." Alizungumza akitazama chini. "Baba hakujua. Hajashuka tangu miguu ilipomshinda, ningemwambia kwa nini?"

"Na feni ilizimwa kwa nini?"

"Ili alale. Usiku hapati usingizi, hujaribu asubuhi. Jumatatu hakuna mtu chini, nikaona niwe naizima nikitoka. Nikirudi nawasha, nangoja saa nzima ndipo nashuka. Mlango nafunga. Sikujua baba bado ana ufunguo."

"Endelea."

"Nilirudi saa saba kasoro. Mlango wa chini uko wazi. Nikawasha feni, nikabana pumzi, nikashuka mbio. Alikuwa kifudifudi kando ya pipa, kikombe mkononi. Nikamtoa hadi ukumbini. Nikampulizia hewa, nikamkandamiza kifua. Alikuwa ameshakata roho, afande. Nikamlaza tena kifudifudi kama nilivyomkuta, nikakaa naye mpaka kiza kilipoingia."

"Ungepiga simu."

"Mngekuja. Mngepanda juu. Mngemuuliza nani alimpa ufunguo." Aliinua uso. "Miaka miwili baba hajapata mtu wa kuongea naye. Siku ile nilipoingia alikuwa anaimba. Ningemwambiaje kwamba mgeni wake amekufa, na yeye ndiye aliyemtuma? Nikampakia kwenye gari la kreti, nikampeleka pale stendi. Nilitaka aokotwe mapema. Nilimwekea kofia yake vizuri."

"Na dereva?"

Mpishi alitazama kibao juu ya mlango.

"Siku tatu mtu amelala sakafuni kwa ajili yako. Ana watoto. Magazeti yameandika jina lake."

"Nilidhani mtamwachia. Kila asubuhi nasema leo watamwachia. Nikisikia bado, nasema kesho nitakwenda mwenyewe. Kesho yenyewe ndiyo hivi."

Inspekta alimsomea haki zake. Alimweleza kuwa atashtakiwa kwa kuficha kifo, kuhamisha maiti na uzembe uliosababisha kifo, na kwamba mengine yangeamuliwa na mahakama. Mpishi aliitikia kwa kichwa kila neno. Kisha akasema, kwa sauti ya chini, "Mimi nichukueni. Baba mwambieni mgeni kasafiri. Nakuomba kama dada yangu."

"Maelezo ya baba yako ni ushahidi. Yatasomwa mahakamani. Unataka ayasikie kwangu, kwa hakimu, au kwako?"

Sajenti aliangalia saa yake. Ilikuwa imebaki saa moja na nusu kabla ya mahakama. Alitaka kusema kitu, Inspekta akamzuia kwa mkono.

Mpishi aliinuka, akanawa mikono kwenye bomba la uani, akajifuta kwa shati. Akapanda.

Walisimama chini ya ngazi. Feni ilinguruma, kwa hiyo hawakusikia maneno. Walisikia sauti ya mwana, kisha ikakoma. Halafu kiti kikaburuzwa.

Mzee alitokea juu ya ngazi, ameshika ukuta. Mwanawe alikuwa nyuma yake amenyoosha mikono, na mzee alikuwa akiisukuma. Alishusha mguu mmoja, akapumzika. Akashusha wa pili. Sajenti alipanda kumsaidia, naye akamsukuma pia. Ngazi zilikuwa kumi na nne. Alipofika chini alikuwa anatweta na koti limemlowa mgongoni.

"Ana watu?" aliuliza.

"Ana binti," Inspekta alisema. "Anafika saa tisa."

"Nipelekeni. Asisikie kwa mtu mwingine."

*

Taratibu aliachiwa saa nane kasoro dakika kumi. Mkuu wa kituo alitia saini bila kuinua macho. Dereva alipewa mkanda wake, viatu vyake na funguo za gari, akasimama mapokezi kama hajui mlango uko upande gani. Inspekta alimweleza yaliyotokea kwa sentensi chache.

"Kwa hiyo wakati nampigia," Taratibu alisema, "simu ilikuwa inalia mfukoni mwa maiti."

"Ndiyo."

Alifunga mkanda wake. "Binti yake anashukia stendi? Basi niacheni nikamchukue. Hatamjua mtu hapa."

Alirudi naye saa tisa na nusu, kwa mwendo wake uleule. Binti alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na tano, ana mkoba wa kazini begani na viatu vya kazini miguuni, kama aliyetoka ofisini moja kwa moja. Inspekta alimpokea mlangoni, akampa pole, akamweleza kwamba kuna mtu ambaye si lazima amwone, ila ameomba.

Mzee alikuwa ameketi kwenye benchi la ukumbi. Aliposikia hatua alijaribu kusimama, akashindwa, akazungumza akiwa ameketi.

"Mama, mimi ndiye niliyemwalika baba yako. Ufunguo nilimpa mimi. Aliniambia jina lako, akaniambia una meno kama ya mama yako. Sina cha kujitetea." Alitafuta uso wake kwa jicho moja, akaukosa, akageuza kichwa tena. "Kule chini ni mahali pa watu wawili. Enzi zetu hakuna aliyeshuka peke yake. Angekuwa na mwenzake, mwenzake angemvuta nje. Mimi miguu haikuniruhusu. Nilisahau kwamba hana mwenzake."

Binti alikuwa amesimama, ameshika kamba ya mkoba kwa mikono miwili. Karani wa mapokezi aliacha kuandika. Taratibu alitazama viatu vyake.

"Aliniomba nije naye," binti alisema hatimaye. "Mara mbili. Alinitumia ramani, na orodha ya maswali ya kuwauliza wenyeji. Nikamwambia baba, nina kazi, na bia yenyewe mimi sinywi."

Inspekta alifunga jalada. Kulikuwa na fomu tatu za kujazwa kabla ya ofisi kufungwa, na zote zilihitaji saini ya binti, lakini hakuzitoa.

"Mliongea nini?" binti alimuuliza mzee. "Hizo saa mbili. Kwangu hakuwahi kuongea hata robo saa."

Mzee alisogea hadi mwisho wa benchi, akapapasa nafasi iliyobaki kwa kiganja ili ahakikishe inatosha.

"Ni mengi," alisema. "Kaa."